Majumba ya Sinema ya Pwani: Yalifunguliwa Lini, Yakafungwa Lini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Shella ya Malindi, nikaolewa Lamu, na kwa miaka sasa nakusanya habari za majumba ya sinema ya pwani yetu: lini lilifunguliwa lipi, lini likafungwa, nani alikata tiketi, ubao wa mabango ulisimama wapi. Nina madaftari manane ya masimulizi ya wazee na bahasha kadhaa za tiketi na vipande vya magazeti. Watu huniuliza mambo yale yale, barazani, kwenye simu, hata arusini. Majibu yangu ni haya.

Sinema ilifikaje huku kwetu?

Kwa njia ile ile iliyotuletea nguo na mchele: bahari. Ndugu Lumière walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Miezi saba haijatimia, tarehe 7 Julai 1896, picha hizo zilikuwa Bombay, katika hoteli ya Watson. Na Bombay kwa mtu wa pwani haikuwa mbali. Ilikuwa mji wa jirani uliotenganishwa nasi na maji tu. Nairobi ilipata Theatre Royal mwaka 1912, ukumbi wa michezo ya jukwaani uliokuja kuwa sinema ya Cameo. Unguja ilijengewa Royal katika miaka ya 1920, kwa mchoro wa J. H. Sinclair, mchoraji wa majengo mengi ya serikali ya Mji Mkongwe.

Kwa nini tarehe ya kufunguliwa hupatikana upesi, na ya kufungwa haipatikani?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Jumba likifunguliwa, mwenye jumba anataka kila mtu ajue. Anatangaza gazetini, anabandika mabango, anaalika wakubwa, anatundika taa. Tarehe inaandikwa mahali zaidi ya pamoja. Jumba likifungwa hakuna anayetangaza. Kwanza yanakatwa maonyesho ya mchana. Halafu linabaki la Jumamosi na Jumapili. Halafu mashine moja inaharibika, wanaendesha na moja. Halafu mlango unafungwa "kwa matengenezo", na matengenezo hayaji. Mwenye jumba mwenyewe hakuwa na siku aliyosema: leo ni mwisho. Sasa wewe unayetafuta tarehe utaandika ipi?

Kwa hiyo mtu akiniambia sinema fulani "ilifungwa", namuuliza ana maana gani. Picha ya mwisho ilionyeshwa lini? Leseni iliachwa kulipiwa lini? Jengo liliuzwa lini? Lilibomolewa lini? Hizo ni tarehe nne, na kati ya ya kwanza na ya nne inaweza kupita miaka ishirini. Nimewaona ndugu wawili wakibishana mbele yangu kuhusu jumba moja, mmoja akisema lilifungwa yeye akiwa shule, mwingine akisema alikuwa keshaoa. Wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alikuwa anasema picha, mwingine anasema jengo. Katika daftari langu naandika zote nne, kila moja kwenye mstari wake, na palipo patupu naacha wazi.

Babu yangu alikuwa akienda Majestic. Majestic ipi?

Hapa watu wengi wanapotea. Majina ya sinema yalitembea kama majina ya watoto, kila mji ukampa mwanawe jina la aliyetangulia. Mombasa ilikuwa na Majestic yake, pamoja na Regal, Naaz na Kenya. Unguja inayo Majestic nyingine, pale Vuga: ndiyo ile Royal iliyoungua mwaka 1953 ikajengwa upya, na ilipofunguliwa tena mwaka 1955 ikawa na jina hilo. Tanga nayo ilikuwa na Majestic. Na huko Bombay, ni katika jumba lililoitwa Majestic ndipo tarehe 14 Machi 1931 ilipoonyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya kihindi yenye sauti. Tangu siku hiyo nyimbo na picha za kihindi hazikuachana, na sisi tukazipokea zote pamoja.

Kwa hiyo usiandike jina peke yake. Andika jina, mji na mtaa. Kama babu yuko hai, muulize alikuwa analala kwa nani usiku ule. Jibu la swali hilo litakupa mji bila ubishi wowote.

Nimesoma kuhusu Cine Afrique ya Malindi. Mbona wazee wa Malindi hawaijui?

Kwa sababu haikuwa hapa. Malindi hiyo ni mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na bandari. Jumba hilo liliitwa Sultana, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 jina la Sultani halikuweza kubaki ukutani. Tumeona makala za intaneti zinazoihamisha sinema hiyo hadi Malindi ya Kenya kwa kosa la jina tu. Vivyo hivyo Shella: ipo ya Lamu na ipo ya Malindi. Mwenye kuandika historia ya pwani lazima asome jina mara mbili.

Mzee wangu anakumbuka kila kitu isipokuwa mwaka. Nifanyeje?

Usimuulize mwaka. Ukimuuliza mwaka unamtia mtihanini, naye ataona haya na kukupa wowote ili akuridhishe. Muulize jambo lililokuwa karibu.

Mimi hutumia matukio yanayojulikana na kila mtu wa pwani. Je, ilikuwa kabla Mzee Kenyatta hajafariki, au baada yake? Hiyo ni Agosti 1978. Kabla ya jaribio la mapinduzi au baada? Agosti 1982. Ulipokuwa ukienda Mombasa, gari lilipanda feri pale Kilifi au lilipita darajani? Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Ilikuwa kabla ya mvua za El Niño? Hizo ni za 1997 kuingia 1998. Kwa maswali manne kama hayo unaweza kuibana tarehe ndani ya miaka michache, na mzee anasimulia kwa raha kwa sababu unamuuliza maisha yake.

Bibi mmoja wa hapa Langoni, Lamu, aliniambia hajui kabisa alienda lini picha mara ya mwisho. Nikamuuliza alikuwa amembeba nani. Akanyamaza, akahesabu vidole, akasema, "Alikuwa Swafia, na hajaota meno." Cheti cha Swafia kipo. Tarehe ikapatikana.

Nitajuaje kama jengo la zamani lilikuwa sinema?

Ingia ndani na utazame ukuta wa nyuma, juu. Kama kuna vijitundu vya mraba vilivyopangwa kwa mstari, ukubwa wa kitabu, umefika. Hapo ndipo mwanga ulipotokea, na kando yake mwendesha mashine alichungulia pazia. Hata vikizibwa kwa saruji, lipu haifanani na ya ukuta mwingine.

Halafu tembea kutoka mlangoni kwenda mbele. Sakafu ya sinema huteremka taratibu ili wa nyuma asizibwe na kichwa cha wa mbele. Wenye maduka wengi waliopanga majengo hayo wamemwaga zege kusawazisha, na ndiyo maana utakuta ngazi mbili tatu pasipo na sababu. Kuta za pembeni hazina madirisha, milango ni mipana na hufunguka kwa nje. Kukiwa na ghorofa ya viti vya nyuma, hiyo ndiyo ilikuwa ya bei ya juu. Wa mbele kabisa, waliokaa shingo zimeinuka, ndio waliolipa kidogo, na ndio waliokuwa wakimwonya steringi kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango.

Baba yangu alikuwa mwendesha mashine. Kazi yenyewe ilikuwaje?

Ndugu yangu, baba yako alikuwa fundi hasa. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kazi hii inasahaulika upesi kuliko majengo.

Filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa picha 24 kila sekunde. Futi elfu moja za mkanda huisha kwa dakika kama kumi na moja. Picha la kihindi la saa tatu lina zaidi ya futi 16,000, na mkanda mrefu hivyo haukai katika rili moja. Huja umegawanywa, umepangwa ndani ya makopo ya bati. Kwa hiyo chumbani kulikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ikikaribia kumaliza rili yake, ya pili iko tayari imeshalishwa mkanda. Kwenye pembe ya juu ya kulia ya picha hutokea kijiduara kidogo, kinapita kwa kupepesa jicho. Hicho ni ishara: washa injini ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kinatokea cha pili: badilisha. Akifanya vizuri, ukumbi mzima haujui kitu. Akichelewa, pazia linakuwa jeupe na watu wanapiga miluzi.

Na taa yenyewe, katika mashine nyingi za zamani, haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribishwa vikatoa mwako mkali kati yao. Vijiti huliwa na moto, kwa hiyo kulikuwa na kuvisogeza na kuvibadilisha usiku kucha. Chumba kilikuwa cha joto, na mlango wake wa chuma. Mlango huo haukuwa pambo: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya nitreti, na nitreti ikishika moto haizimiki kwa maji. Muulize baba kama alikuwa na alama ya kuungua mkononi. Waendesha mashine watatu niliozungumza nao walinionyesha mikono yao kabla sijauliza.

Wanawake waliruhusiwa?

Waliruhusiwa na walienda, tena kwa wingi. Unguja kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, na wazee wangu wananisimulia hivyo hivyo kwa Mombasa. Bibi yangu mzaa mama aliyaeleza kama siku ya arusi: buibui juu, nguo ya sikukuu ndani, asumini kichwani, na watoto wote chini ya miaka saba mkononi. Alilitazama Mother India, lililotoka mwaka 1957, mara nne. Mwisho wa picha lile mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu amevunja heshima ya kijiji. "Mato yalinivimba, mwanangu," aliniambia, na alipoyasema hayo alikuwa na miaka themanini na kitu, na alikuwa akilia tena.

Nataka hili liandikwe kila mahali panapoandikwa historia ya sinema pwani. Vitabu vya leseni vina majina ya wenye majumba, wanaume wote. Waliojaza viti mchana ule walikuwa bibi zetu.

Na Waafrika wakati wa ukoloni?

Katika Kenya ya ukoloni watu waliketi na kutazama kwa kubaguliwa. Wakaguzi wa filamu waliweza kuipitisha picha kwa Wazungu na kuikataza kwa Waafrika. Serikali iliwapelekea Waafrika picha za aina nyingine, za mafunzo, kwa magari yenye mashine na pazia. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi mkubwa wa namna hiyo uliowekwa Vugiri, katika milima ya Usambara, uliotengeneza filamu kadhaa na kuzizungusha Afrika Mashariki na kusini zaidi. Kilimo, afya, kodi. Kama mzee wako anakumbuka "sinema ya bure uwanjani yenye mtu anayezungumza na kipaza sauti", usiiandike katika orodha ya majumba. Ina orodha yake.

Watu wa Lamu na Malindi waliona wapi picha?

Kwa wengi niliowahoji, "kwenda picha" ilimaanisha kwenda Mombasa. Kutoka Malindi ni kilomita kama 120, na kabla ya 1991 lazima usubiri feri ya Kilifi, kwa hiyo hukwenda picha ukarudi siku hiyo hiyo. Ulilala kwa shangazi. Kutoka Lamu ilikuwa safari hasa: mashua hadi Mokowe, basi, mchanga, mito, na msimu wa mvua njia inakatika. Aliyerudi kutoka Mombasa alikuwa ameibeba picha nzima kichwani. Aliisimulia barazani usiku wa kwanza, ya pili, ya tatu, akaigiza mapigano na akaimba nyimbo. Wako wazee hapa Langoni wanaolijua picha fulani tangu mwanzo hadi mwisho ambao hawajapata kulitazama, walisimuliwa.

Na nyimbo zilisafiri kuliko picha zenyewe. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ustadh Ahmad Nassir kwa mahadhi ya kihindi, na hapo arusini mtu asiyewahi kuona ndani ya sinema alikuwa akiujua wimbo wake.

Halafu miaka ya 1980 video ikaingia majumbani. Kwa Lamu hii ilikuwa kubwa kuliko sinema yoyote. Wasichana waliokuwa hawatoki walikusanyika kwenye sebule ya jirani mwenye televisheni, kanda ikawekwa, mlango ukafungwa, na ile zanana ya bibi zao ikarudi kwa sura nyingine.

Basi ni video iliyoua sinema?

Video ilichangia, lakini ukisikia mtu anataja sababu moja tu, endelea kumuuliza. VHS, ile kanda ya video ya nyumbani, ilitolewa Japani mwaka 1976, na hata baada ya hapo jumba lililo hai liliendelea kujaza viti miaka mingi.

Katika Tanzania sababu ilitangulia video. Unguja majumba yalichukuliwa na serikali baada ya 1964, na Tanzania Bara sheria ya 1971 ya kutwaa majengo iliwanyang'anya wengi majumba yao. Mtu asiye na uhakika wa jengo hanunui mashine mpya. Upande wa Kenya, sheria za leseni za biashara za mwaka 1967 na ile ya Uingereza ya 1968 ya kuzuia uhamiaji ziliwafanya Wahindi wengi waondoke kwa haraka, na wao ndio waliokuwa na majumba na mawasiliano ya Bombay. Televisheni nayo: kituo cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, na Unguja ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994.

Na sababu ambayo naiona kubwa kuliko zote kwa Mombasa ni kiwanja. Jumba la sinema ni nafasi kubwa katikati ya mji yenye watu saa chache tu kwa siku. Likigawanywa maduka, kodi inaingia kila mwezi, awe mtu ameona picha au hajaona. Mwenye jumba alipopiga hesabu hiyo, mambo yaliisha.

Mapigo ya mwisho yalikuwa ya digitali, baada ya 2010, filamu za mkanda zilipokoma kusambazwa. Aliyebaki na mashine za milimita 35 alibaki na chuma.

Baada ya kufungwa yamekuwa nini?

Maduka, maghala, makanisa, kumbi za arusi. Shan ya Ngara, Nairobi, imekuwa Sarakasi Dome, na hilo ni la kufurahisha kwa sababu watu bado huingia kutazama onyesho. Sinema ya magari ya Dar es Salaam imepotea kabisa. Mahali pake pamejengwa ubalozi wa Marekani. Na pazia la Unguja limehamia Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF lilianza kufanyika mwaka 1998 chini ya anga. Nimehudhuria mara moja. Upepo wa kusi ulikuwa ukilitikisa pazia, na nikamkumbuka bibi yangu.

Huku Lamu na Malindi, mapokezi ya vibanda vya video yalifuata mtindo wa nchi nzima: picha za Hong Kong na Marekani zikitafsiriwa juu kwa juu kwa Kiswahili na watu kama DJ Afro, na wikendi mpira wa Uingereza. Vibanda hivyo navyo vinafungwa sasa, kimya vile vile. Tafadhali anayekumbuka cha mtaani kwake aandike leo.

Nitafute wapi maandishi?

Anza na magazeti. East African Standard lilianzia Mombasa mwaka 1902, na matangazo ya sinema yalitoka humo kila siku. Nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, Moi Avenue, na kwa Unguja nenda Kilimani. Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza mwaka 1899, lina matangazo ya kampuni kuvunjwa na viwanja kuuzwa. Leseni zilizotolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya 1962 nazo zina majina na anwani.

Ila jihadhari na jambo moja. Siku tangazo la sinema linapokoma gazetini si siku jumba lilipofungwa. Mara nyingi ni siku mwenye jumba aliposhindwa kulipia tangazo. Picha ziliendelea, watu wakisoma ubao wa barabarani tu. Niliwahi kuandika tarehe ya namna hiyo kama ya kufungwa, na mzee mmoja akanitolea tiketi ya miezi kumi na minne baadaye.

Nimekuta tiketi, mabango na kopo la mkanda kwenye sanduku la marehemu. Nivitunze vipi?

Usivipeleke kwenye plastiki ya kubana kwa moto, na usibandike gundi wala selotepu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo adui; viweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wa nje. Kopo la mkanda lifungue uani, si chumbani. Likitoa harufu kali ya siki, mkanda umeanza kuoza na lazima utengwe na mingine. Kama ni mkanda wa kabla ya 1952 na hujui ni wa aina gani, usiuweke karibu na jiko wala juani; waite watu wa makumbusho.

Nyuma ya tiketi andika kwa penseli laini, si kalamu: umeipata kwa nani, alikaa wapi, alikwenda na nani. Iliyo mbele yangu sasa ni ya rangi ya waridi, imechanwa nusu, imebaki namba na neno "balkoni". Nyuma yake mume wa bibi mmoja wa Mkomani aliandika, kwa herufi za kiarabu, jina la mkewe na "Jumamosi".